Kompyuta ya gemu imezeeka na mfuko ni mwepesi: uongeze RAM, ununue kadi ya grafiki, au uiuze?

Kompyuta nyingi zinazochezewa gemu hapa Mbeya hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Zilikaa mezani kwa karani huko Ulaya au Marekani, zikaingia kwenye kontena, zikapita Kariakoo, kisha zikapanda barabara mpaka Mwanjelwa na Kabwe, na hapo ndipo kijana akazinunua. Dell OptiPlex 7010, OptiPlex 9020, HP EliteDesk 800 G1: ukizunguka maduka ya mtumba utazikuta zimepangwa. Ndani kuna prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu au cha nne, yaani ya 2012 au 2013, RAM ya GB 4 na hadidiski ya GB 500. Ukienda Miyomboni pale Iringa, au Makambako, hadithi haibadiliki sana.

Ndiyo maana ushauri mwingi wa video za mtandaoni hautufai. Anayezungumza kwenye video ana kesi kubwa na pawa saplai ya wati 550. Anakwambia nunua kadi fulani, unaifuata, ukifika nyumbani haiingii. Yako ina wati 240 na kesi nyembamba kama begi la shule. Kadi utakayonunua ilishachaguliwa na kesi na pawa saplai kabla hujaingia dukani.

Kwa hiyo kila njia nitakayoigusa hapa naipima kwa maswali mawili: je, itaingia na kuwaka kwenye mashine uliyonayo? Na je, utahama nayo siku utakayonunua mashine nyingine? Mwenye hela nyingi anaweza kuliruka swali la pili. Wewe mwenye laki mbili au tatu za kudunduliza huwezi.

Bei sitaziandika kwa shilingi, kwa sababu zinabadilika mno. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM na SSD (diski za kasi zisizozunguka) zimepanda duniani kote, viwanda vya memori vikikimbilia kuhudumia seva za akili mnemba, na upandaji huo unafika mpaka kwenye meza ya fundi wa Mwanjelwa. Nitakachokupa ni mpangilio: kipi kifuate kipi, na kipi usikiguse.

Kwanza, nani anakuchelewesha?

Fungua gemu inayokusumbua, icheze dakika kumi mpaka ichemke, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows 10 itakuonyesha prosesa, RAM, diski na kadi, kila kimoja na asilimia yake.

RAM ikiwa imejaa na diski imeganda kwenye 100, basi kompyuta imeishiwa nafasi na inatumia hadidiski kama RAM. Hapo ndipo picha inasimama sekunde mbili katikati ya mechi halafu unakuta umeshafungwa. RAM ikiwa na nafasi na kadi iko kwenye 97 au 99, kadi ndiyo imefika mwisho wa uwezo wake. Prosesa ikigonga 100 huku kadi inazurura kwenye 50 au 60, kadi mpya haitakusaidia kitu. Utakuwa umemwongezea nguvu yule ambaye hana kazi.

Kuna jambo la nne ambalo halionyeshwi pale, nalo ni joto. Prosesa hizi za Intel zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mbeya inatudanganya kwenye hili. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya hapa inaificha shida; kompyuta inaenda vizuri tu. Ikifika Septemba na Oktoba, vumbi la kiangazi limejaa kwenye feni, jua linachoma, na mtu anaanza kusema kompyuta imechoka na inahitaji kadi. Fungua kesi, toa vumbi kwa brashi laini huku umeishika feni isizunguke, ondoa pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya. Mashine ambayo haijafunguliwa miaka mitano inaweza kurudisha kasi yake kwa hela ya nauli na soda. Fanya hivyo kabla ya yote, kisha pima tena.

RAM dhidi ya SSD

Hizi ndizo njia mbili za bei ya chini, na watu huzichanganya.

SSD haiongezi fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Gemu inayoenda fremu 25 kwa sekunde itabaki 25. Inachobadilisha ni kungoja: hadidiski ya kawaida husoma MB 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya SATA (inayochomekwa kwa waya kama wa hadidiski) hufika karibu 550, tena inapotafuta mafaili madogo madogo tofauti inakuwa kubwa kuliko hiyo. Windows inawaka upesi, GTA V haikupi muda wa kwenda kuchemsha chai, na kwenye gemu za dunia pana majengo hayachelewi kutokea mbele ya gari. Tena SSD ya SATA unahama nayo. Itaingia kwenye mashine ijayo, hata kwenye laptopu ya mdogo wako. Kama hela ni kidogo nunua ndogo uweke Windows na gemu moja au mbili, hadidiski ya zamani ibaki ghala. Ila pima ukubwa wa gemu zenyewe kwanza: Counter-Strike 2 inataka GB 85, EA Sports FC 24 inataka 100. SSD ya GB 128 itakuchosha ndani ya wiki.

Usishawishiwe kununua SSD ya NVMe, ile inayofanana na ubao mdogo, kwa OptiPlex 9020. Kizazi hicho hakina nafasi yake, na hata ukiweka kwa adapta, Windows kwa kawaida haiwaki kutoka humo bila ufundi wa ziada.

RAM ni kinyume cha SSD: inakusaidia leo lakini huhami nayo. Mashine za kizazi cha tatu na cha nne zinatumia DDR3. Mashine utakayonunua kesho itatumia DDR4 au DDR5, na kipande cha DDR3 hakiingii huko. Kwa hiyo nunua ya kukutosha, usinunue ya sifa. Kutoka GB 4 kwenda GB 8 ni lazima; chini ya hapo gemu nyingi mpya hazifunguki au hazichezeki. Kutoka 8 kwenda 16 inasaidia kama unacheza huku umefungua kivinjari na unaongea na wenzako kwenye Discord, lakini hela hiyo mimi ningeiweka kwenye kadi.

Kitu kimoja hapa wauzaji hawakisemi. Vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8. Kipande kimoja cha DDR3 ya 1600 kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Viwili vikiwa kwenye njia mbili vinapitisha 25.6. Kama bado huna kadi na unachezea grafiki ya ndani ya Intel, ile HD 4600, tofauti hiyo utaiona kwa macho, kwa sababu grafiki ya ndani haina memori yake, inakula kwenye RAM. Mashine yako ina kipande kimoja cha GB 4? Tafuta pacha wake, wa kasi ileile, uchomeke. Inaweza kuwa ndiyo hela ndogo kuliko zote katika makala hii, na kwa mchezaji wa gemu za zamani za mpira inaweza kumtosha.

Kadi dhidi ya kadi

Hapa ndipo hela inapopotea, kwa hiyo tukae.

Sikia mazungumzo ya kawaida kabisa kwenye meza ya fundi. Kijana ameshika kadi mbili, moja GT 730 yenye GB 4, nyingine GTX 750 Ti yenye GB 2. "Fundi, hii ya nne si ndiyo kali?" Fundi anaendelea kukaza skrubu. "Mdogo wangu, hiyo nne ni stoo kubwa yenye mlango wa dirishani." Na yuko sahihi. GT 730 ya DDR3 hupitisha GB 28.8 kwa sekunde hata ikiwa ni ile yenye njia pana, na hiyo ina viini (vitengo vidogo vya hesabu) 96 tu. GTX 750 Ti hupitisha 86.4 na ina viini 640. Zote ni za 2014. GB zilizoandikwa kwenye boksi zinakwambia picha ngapi zinahifadhika. Hazikwambii zinatoka kwa kasi gani. GT 710 na GT 730 ni kadi za kuwashia skrini ya pili ofisini, na bado zinauzwa kwa kijana wa gemu kama "kadi ya GB 4".

Hizi ndizo ningezilinganisha:

| Kadi | Mwaka | Memori | GB kwa sekunde | Wati | Waya wa umeme wa ziada |
|---|---|---|---|---|---|
| GT 1030 ya GDDR5 | 2017 | GB 2 | 48 | 30 | Hapana |
| GTX 750 Ti | 2014 | GB 2 | 86.4 | 60 | Nyingi hapana |
| GTX 1050 Ti | 2016 | GB 4 | 112 | 75 | Nyingi hapana |
| GTX 1650 ya GDDR5 | 2019 | GB 4 | 128 | 75 | Baadhi ndiyo |
| RX 570 | 2017 | GB 4 au 8 | 224 | 150 | Ndiyo |
| RX 580 | 2017 | GB 4 au 8 | 256 | 185 | Ndiyo |

Nafasi ya kadi kwenye madabodi inatoa wati 75, basi. Kadi inayokula zaidi ya hapo inahitaji waya wake kutoka pawa saplai, na pawa saplai za ofisini hazina waya huo. Fungua kesi, mulika kwa tochi ya simu, soma karatasi iliyobandikwa. OptiPlex 9020 ndefu huwa na wati 290, ile fupi 255. OptiPlex 7010 ndefu ina 275, fupi 240. Baadhi ya mashine fupi zimewekewa kikomo cha chini ya wati 75 kwenye nafasi yenyewe, kwa hiyo soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kutoa hela. Hapo mistari miwili ya mwisho ya jedwali imeshajifuta kwa watu wengi.

GT 1030 iko kwenye jedwali kwa ajili ya mwenye mashine fupi kabisa tu, na ina mtego: kuna nyingine yenye jina lilelile lakini memori yake ni DDR4, ya 2018, inayopitisha GB 16.8 tu kwa sekunde. Boksi zinafanana. Muulize muuzaji, na usiliamini jibu mpaka uione kwenye programu ya GPU-Z.

Kati ya 750 Ti na 1050 Ti, wa pili anashinda bila ubishi, na memori ndiyo sababu. GB 2 zilitosha wakati wa GTA V, ambayo yenyewe inapendekeza prosesa i5-3470, RAM GB 8 na GTX 660 ya GB 2. Leo haitoshi. EA Sports FC 24 inataja GTX 1050 Ti ya GB 4 kama kiwango cha chini, si cha kupendekezwa. Kwa hiyo 750 Ti inunue kama tu unacheza GTA V, PES za zamani na Counter-Strike kwa mipangilio ya chini, na kama bei yake ni nusu ya 1050 Ti. Ikizidi nusu, ongeza hela.

Kati ya 1050 Ti na GTX 1650, mambo yalibadilika Oktoba 2025. NVIDIA, watengenezaji wa kadi hizi, ilitoa draiva (programu za kuendeshea kadi) za mwisho za gemu kwa kadi za familia za Maxwell na Pascal, na hiyo inazigusa 750 Ti, GT 1030 na 1050 Ti zote tatu. Kuanzia hapo ni masahihisho ya usalama tu, mpaka Oktoba 2028. Gemu za zamani hazitaacha kucheza, ila gemu mpya ikija na kasoro, hakuna atakayeirekebisha kwa ajili yako. GTX 1650 ni familia ya Turing, haimo kwenye orodha hiyo, tena ina nguvu zaidi kwa wati zilezile 75. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Ikiwa kubwa, 1050 Ti bado ni kadi ya heshima kwa mchezaji wa hapa.

Na kama utapata moja kati ya hizo yenye umbo fupi, pamoja na vile vibati viwili vya kufungia, kimoja kifupi na kimoja kirefu, mimi ningelipa zaidi kidogo kuipata. Kadi fupi inaingia kwenye kesi fupi na ndefu. Ndefu inaingia kwenye kesi ndefu tu, na hujui mashine yako ijayo itakuwa na umbo gani.

RX 570 na RX 580 ni nzuri kwa bei yake. Kwa nguvu tupu zinaiacha 1050 Ti mbali. Nyingi zilikuwa zikichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mchana na usiku, na mtandao huo ulipoacha uchimbaji Septemba 2022 zikamwagika sokoni. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu, lakini feni na pesti zake zimechoka. Angalia pia isiwe RX 580 iliyoandikwa 2048SP, maana hiyo ina viini 2048 sawa na RX 570, badala ya 2304. Gharama yake halisi, hata hivyo, haiko kwenye kadi. Unahitaji pawa saplai mpya ya kuaminika, si ile nyepesi kama boksi tupu, na kwa OptiPlex 9020 unahitaji pia adapta, kwa sababu madabodi yake inatumia plagi ya Dell yenye pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Baada ya hayo yote, i5 yenye viini vinne itaibana kadi hiyo kwenye gemu nyingi mpya. Kwa mwenye mashine ya ofisi yenye umri huu, siipendekezi. Kwa mwenye kesi ya kawaida na pawa saplai nzuri tayari, ndiyo chaguo la kwanza.

Skrini uliyonayo inaweza kukuokoa

Skrini za mtumba tulizonazo nyingi ni za inchi 19 au 20, za 1600 kwa 900 au 1280 kwa 1024. Watu wanaziona aibu. Kwa kadi dhaifu hizo ni neema: skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2.07 za kuchorwa kila fremu, ya 1600 kwa 900 ina milioni 1.44. Karibu theluthi moja ya kazi imepungua bila kutoa hata mia. Mtu akikwambia uanze na skrini kubwa, mwambie asubiri.

Tatizo ni waya. Skrini hizo zinatumia VGA, na GTX 1050 Ti au 1650 halisi haina tundu la VGA. Utahitaji kibadilishi cha HDMI kwenda VGA; kiweke kwenye hesabu mapema. Na hilo linakupa kipimo cha bure cha kadi feki: ukiona 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA, irudishe kwenye meza. Ni kadi kongwe iliyobadilishwa jina kwa programu.

Kubadilisha prosesa

Nitakuwa mfupi. Kama una i3 ya kizazi cha nne, yenye viini viwili, kuhamia i5-4570 au i7-4770 kwenye madabodi ileile ni badiliko utakaloliona. Kama tayari una i5, kwenda i7-4770 kunakuongezea nyuzi (kazi ambazo prosesa inafanya kwa wakati mmoja) kutoka nne mpaka nane. Baadhi ya gemu zitaacha kusitasita, nyingine hutaona kitu. Na i7 hizo za mtumba wauzaji wanazing'ang'ania bei kwa sababu kila mtu anazitafuta. Prosesa, kama DDR3, haihami. Ukijumlisha i7 na RAM ya GB 16 ya DDR3, tayari umeikaribia hela ya kuongezea ili upate mashine ya kizazi cha nane.

Kuuza na kuhama

Mashine ya ofisi ya 2018, kama OptiPlex 5060 au 7060 yenye i5-8500, ina viini sita badala ya vinne, RAM ya DDR4, nafasi ya NVMe, na inakubali Windows 11. Hilo la mwisho lina uzito wake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha tatu na cha nne hakimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Mafundi wanaiweka kwa njia za panya, na inawaka. Lakini gemu za mashindano zimeanza kukagua: Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (vitu vya usalama vya madabodi), na Battlefield 6 ya Oktoba 2025 inataka Secure Boot. Njia ya panya haipiti hapo. Steam nayo iliacha kuzihudumia Windows 7 na 8 mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo usiione Windows 10 kuwa ya milele.

Mwanachuo wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, anayetaka pia kuchora kwa AutoCAD au kuandika programu, mwenye laki chache na anayeweza kusubiri boom (hela ya mkopo wa chuo) lijalo, ningemwambia asiguse prosesa wala RAM ya mashine ya zamani. Anunue SSD ya SATA sasa, kisha kadi fupi ya wati 75, na vyote avihamishe siku atakapopata mashine ya kizazi cha nane. Ile ya zamani aiuze na hadidiski yake ya asili. Kwa mtu wa stationari anayechapa barua bado ni mashine nzuri.

Kwa mdogo wake wa sekondari anayecheza GTA V na mpira wa miaka iliyopita, kuhama ni anasa. Pacha wa RAM, SSD ndogo, 1050 Ti, na acheze miaka miwili.

Na kama shida yako ni mpira tu, wewe na washikaji wanne sebuleni, PS4 ya mtumba inakupa hilo bila ugomvi wa draiva. Ila gemu zake utanunua, na kazi ya chuo haifanyi.

Luku

Hili wengi hawalihesabu. Mashine ya i5 yenye kadi ya wati 75 pamoja na skrini, kadiria wati 150 wakati wa kucheza. Yenye RX 580 kadiria 300. Saa nne kwa siku, mwezi mzima, ya kwanza inakula uniti 18, ya pili 36. Kwa mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, tofauti ni zaidi ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni hela ya kadi nyingine ndogo.

Kwa nyumba iliyo kwenye D1, ile ya bei nafuu yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mambo ni mabaya zaidi. Ukizidi kikomo, uniti zinazozidi zinapaa bei, na ukizidi mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1 moja kwa moja. Uniti 36 za gemu kwenye nyumba yenye friji na pasi zinatosha kuivusha. Mama akigundua kwa nini luku ya nyumba nzima imebadilika, mjadala wa kadi ipi ni kali utakuwa umefungwa.

Tenga pia kitu kwa ajili ya stabilaiza au UPS. Masika ya huku yanakuja na radi za kweli, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo umeua pawa saplai nyingi kuliko gemu yoyote. Ikinguruma, chomoa, na waya wa intaneti pia.

Mwanjelwa dhidi ya Kariakoo

Kariakoo kuna uchaguzi mpana na bei ya chini. Hilo halina ubishi. Lakini kadi inasafiri zaidi ya kilomita 800 kwa basi, na ikifika imekufa, kuirudisha ni nauli ya mzigo mara mbili pamoja na siku za kubishana kwa simu na mtu anayekwambia "ilitoka hapa ikiwa nzima, bosi." Kwa RAM na SSD, ambazo ni ngumu kufa njiani, agiza Dar bila hofu. Kwa kadi ya mtumba, mimi naona ni bora ulipe zaidi hapa mjini kwa fundi utakayemkuta kesho kwenye meza yake, kwa sharti moja: aiwashe mbele yako.

Kuwasha maana yake si kuona picha ya Windows. Nenda na flashi yenye GPU-Z na FurMark, programu ya kuichosha kadi. GPU-Z itakuonyesha jina, idadi ya viini na aina ya memori. Feki nyingi inaziandikia waziwazi kuwa ni feki. FurMark iache ikimbie dakika kumi na tano huku ukiangalia joto na kusikiliza feni. Madoa ya rangi, mistari, au skrini kuzimika, asante, tutaonana. Ukiagiza Dar pamoja na yote haya, omba yafanyike kwenye video ya WhatsApp, kadi ioneshwe namba yake ya nyuma kabla ya kufungwa kwenye boksi, na ukiipokea stendi linganisha namba hiyo kabla basi halijaondoka. Kwenye risiti waandike jina lote la kadi, namba hiyo, na siku ulizopewa za kujaribu. "Kadi moja ya kompyuta" haitakutetea ukirudi nayo.